Muhula Ubao Uliposhushwa

Juzi nilipita Msambweni kwa shughuli zangu, na kando ya barabara mama mmoja alikuwa akichoma korosho juu ya bati. Moshi wa maganda ya korosho si moshi wa kuni. Una mafuta ndani yake, unawasha macho na kukereketa koo, na ukishaingia nguoni haukubali kutoka kwa maji ya mara moja. Niliokuwa nao garini walipandisha vioo wakikohoa. Mimi nilivuta pumzi ndefu, nikajikuta nacheka peke yangu. Waliponiuliza kulikoni, nikawajibu, "Nasikia harufu ya hesabu."

Shule yetu ilikuwa nyuma ya mikorosho. Msimu wa korosho, watu wa jirani walianza kuchoma mara jua likishapanda, na moshi ulitufikia katika somo la pili, ambalo siku zote lilikuwa hesabu. Madirisha hayakuwa na vioo. Basi kwangu mimi vitu hivyo viwili vilikuja pamoja: moshi machoni na tarakimu ubaoni. Kwa muda mrefu niliamini kwamba machozi yangu yalikuwa ya moshi peke yake.

Wenzangu mliosoma miaka ile mnayakumbuka yale madaftari yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Watoto wengine walilikariri wakiwa njiani. Mimi nililitazama kama mtu anayetazama siafu. Tarakimu hazikutaka kukaa mahali pake. Kumi na mbili, nikiitazama mara ya pili, ilikuwa ishirini na moja. Na kutoa ndiko kulikonimaliza kabisa. Mwalimu aliyetufundisha darasa la pili alitwambia, "Saba haitoki kwa mbili. Nenda kwa jirani ukakope moja." Nami nilikwenda kwa jirani nikakopa. Lakini nyumbani kwetu mama alikuwa na neno moja asilochoka kulisema: cha mtu hurudi kwa mwenyewe. Ungo ukiazimwa hurudi, mchi hurudi, hata sindano hurudi. Basi nikishamaliza kutoa, nilikuwa nairudisha ile moja kwa jirani. Niliona ajabu wenzangu hawarudishi, na nikaona ajabu zaidi kwamba wao ndio waliokuwa wakipata vema, mimi mtoto mwenye adabu nachapwa.

Nilipoingia darasa la tatu tuliletewa mwalimu mpya kutoka bara. Aliitwa Mwalimu Mutheu, Mkamba, msichana mwembamba mwenye pengo dogo kwenye meno ya mbele, na siku ya kwanza alimwita mwanafunzi kwa kusema, "Kuja hapa." Darasa zima likaangua kicheko.

"Njoo, mwalimu!" tulimsahihisha kwa sauti moja. "Haisemwi kuja hapa, husemwa njoo!"

Tulingoja fimbo. Yeye akatikisa kichwa polepole, kama aliyeonjeshwa kitu kitamu. "Njoo," alisema. "Sawa. Mimi nitawafundisha hesabu, nyinyi mtanifundisha Kiswahili. Tumeelewana?"

Wiki yangu ya kwanza naye hakunichapa. Alizunguka katikati ya madawati na kijitabu kidogo mkononi, akitutazama tunavyofanya kazi. Alisimama sana kwa Saumu, rafiki yangu wa dawati moja, ambaye macho yake yalikuwa mabovu hata akawa anaandika pua ikigusa daftari, tukimtania kwamba anainusa kazi kabla ya kuifanya. Alisimama kwa Juma, aliyekuwa akitembea kwa magongo mawili tangu utotoni. Juma alikuwa hodari wa hesabu za mdomo kuliko sote, lakini hakuwahi kuitwa ubaoni hata siku moja. Ubao ulitundikwa juu, karibu na dari, na kila mwalimu alimwambia kwa huruma, "Wewe kaa tu, Juma."

Kisha mwalimu akasimama kwangu. Nilikuwa nimeandika arubaini na mbili toa kumi na saba ni thelathini na tano.

"Siti, hebu niambie vile umefanya."

"Nimekopa, mwalimu. Kisha nimerudisha."

"Umerudisha?"

"Cha mtu hurudi kwa mwenyewe."

Hakucheka wala hakukasirika. Akafungua kijitabu chake, akaandika. Nilijua yakini kwamba anaandika jina langu, na kwamba hakuna mtoto ambaye jina lake liliandikwa kwenye kijitabu cha mwalimu akabaki salama.

Siku iliyofuata nilitumwa ofisini kuchukua chaki. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu Mutheu alikuwa amesimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, mzee mmoja mwenye kanzu safi siku zote na sauti nzito. Nilipotia mguu kizingitini, mwalimu wangu akageuza uso, macho yake yakanikuta, na katika kunitazama hivyo akamalizia maneno yake: "Lazima ushushwe. Pale ulipo ni juu mno. Na ushushwe wiki hii."

Chaki sikuichukua. Nilirudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha nikatoka mbio mpaka nyuma ya choo, nikakaa huko hadi kengele.

Kushushwa nilikujua. Mwaka uliotangulia msichana mmoja alikuwa ameshushwa kutoka darasa la nne hadi la pili, akawa akikaa nyuma na magoti yamegonga dawati, na watoto wadogo wakimwita shangazi. Na darasa la pili kwa wakati ule alikuwamo Mwinyi, mdogo wangu, ambaye nilimfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Niliona wazi nitakavyoketi naye dawati moja, na atakavyonyoosha mkono kujibu swali lililonishinda mimi. Sikulala vizuri, na asubuhi nilimsindikiza Mwinyi mpaka langoni, nikamsukuma ndani, nikageuka.

"Mbona umerudi?" mama aliuliza. Alikuwa ameketi barazani na mkeka wake.

"Mwalimu wetu ameshikwa na homa."

"Maskini! Na ugeni ule. Mungu amponye." Akanisogezea fungu la miyaa, yale majani ya mkoma yaliyopasuliwa membamba na kukaushwa. "Basi kaa unisaidie."

Nilikaa siku tatu. Lazima niseme kweli, zilikuwa siku tamu. Mama alikuwa msusi anayejulikana, mikeka yake ilitandikwa kwenye harusi mpaka Lunga Lunga, na kukaa naye kutwa nzima, tukisuka na kuzungumza juu ya watu, ilikuwa kama kuwa mtu mzima. Kila adhuhuri alimwombea mwalimu wangu apone, na kila akimwombea nilikazana kusuka.

Siku ya nne, saa za alasiri, tulisikia hodi. Kabla hata sijainua macho niliijua sauti.

"Karibu, karibu!" Mama aliinuka akijifunga leso vizuri. "Ni mwalimu! Karibu kitako, mwalimu. Pole, pole sana. Tuliambiwa homa imekulaza. Umepona lakini?"

Miyaa ilinitoka mkononi. Mwalimu Mutheu alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Nimepona, mama," alisema taratibu. "Ahsante. Nimepona kabisa."

"Alhamdulillahi. Lakini bado umekonda. Maji ya dafu ndiyo dawa ya mtu aliyetoka homani, ngoja nikakuletee." Na mama akaenda nyuma ya nyumba.

Mwalimu alivua viatu, akaketi mkekani karibu nami. Alinong'ona, "Siti. Homa yangu ilikuwa ya nini?"

Nilianza kulia. "Sitaki kushushwa, mwalimu."

"Nani amesema unashushwa?"

"Wewe. Kule ofisini. Ulinitazama ukasema lazima ushushwe, pale ulipo ni juu mno."

Alikunja uso akikumbuka. Kisha nikaona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria juu ya walimu. Mwalimu Mutheu alijiziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakaanza kutikisika, akaanguka ubavu juu ya mkeka wa mama, akicheka mpaka machozi.

"Ubao, Siti! Ubao! Nilikuwa naomba ubao ushushwe! Juma ataufikia vipi kule juu? Na Saumu je, ataona nini?"

Niliyapitisha maneno yale tena kichwani, ushushwe, pale ulipo, na kila neno likageuka mbele yangu likawa la ubao. Sijui nilianza kucheka lini. Mama alipokuja na madafu alitukuta tumeshikana mabega hatujiwezi, akasema ama kweli homa hii ilipanda kichwani, na akamsimamia mwalimu mpaka akayanywa madafu mawili, hadi tone la mwisho, kwa homa asiyoijua.

Hakunisema kwa mama. Hilo sijalisahau. Alikaa tu, akisema anapumzika kidogo, nami nikarudia kazi yangu kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Baada ya kitambo aliuliza, "Midomo yako inasema nini?"

"Nahesabu rangi. Kila ya nne ni nyekundu. Nikiiona mara ya sita, nimeshafika ishirini na nne, nageuza."

"Na ukiiona mara ya tisa?"

"Thelathini na sita. Lakini mkeka huu hauendi mpaka huko."

"Siti, nani amekufundisha mara nne?"

"Hii si mara nne, mwalimu," nilimweleza kwa upole, kama unavyomweleza mgeni. "Huu ni mkeka."

Akatoa kile kijitabu chake. Safari hii nilikiona anachoandika. Hakuandika jina langu. Alichora mkeka.

Nilirudi shule siku iliyofuata nikakuta ubao uko chini, umepigiliwa ukutani kwa misumari mipya, na sehemu ulipokuwa zamani imebaki alama nyeupe juu ya ukuta. Juma aliitwa wa kwanza. Aliweka gongo moja chini, akaegemea lile jingine, akashika chaki. Alipaswa kuandika jibu moja tu, sitini na tatu. Aliliandika. Kisha akaandika na swali lililofuata, na lililofuata hilo, mpaka akafika mwisho wa ubao akiwa amesogea kwa magoti, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, na sisi tunapiga meza. Mwalimu hakumzuia. Alisema tu, "Juma, uwaachie na wenzako."

Tangu siku hiyo somo la hesabu halikuwa tena lile. Tulileta chelewa, zile njiti za makuti tunazofungia mafagio, tukazikata vipande sawasawa, tukafunga kumi kumi kwa uzi mwekundu. Fungu lilikaa kushoto, njiti zilizobaki kulia, na mafungu yakaandikwa kwa chaki nyekundu, ili mimi nisiweze tena kuchanganya kumi na mbili na ishirini na moja hata kama macho yangu yangetaka. Saumu alifanyiwa kamba yenye vifundo, kifundo kikubwa kila baada ya vidogo tisa, akawa anaihesabu kwa vidole, uso ameuinua juu kama mtu anayesikiliza. Alikuwa mwepesi kuliko sisi tuliokuwa tukitazama. Watoto wawili watatu waliokuwa hawahitaji vitu hivi walipewa maswali magumu zaidi, wakajiona mabwana.

Siku moja mwalimu aliniwekea mafungu manne na njiti mbili. "Toa kumi na saba."

Niliangalia njiti mbili. Saba haitoki kwa mbili. Nikasema kwa huzuni, "Nikope kwa jirani?"

"Hapana. Hapa hatukopi tena. Fungua fungu moja."

Nilifungua uzi. Njiti kumi zikamwagika, zikachanganyika na zile mbili. Nikatoa saba. Nikaondoa na fungu moja. Yalibaki mafungu mawili na njiti tano, na mkono wangu ukasita, maana ilikuwa desturi yake kurudisha.

"Sirudishi?"

"Utamrudishia nani, Siti? Zote ni zako tangu mwanzo. Zilihama chumba tu."

Zilihama chumba tu! Jamani, sijui niwaeleze vipi. Mwaka mzima nilikuwa nimechapwa kwa ajili ya jirani ambaye hakuwapo. Nilihesabu upya ili nihakikishe, nikapiga ukelele, "Ishirini na tano!" kwa sauti iliyomfanya mwalimu wa darasa la nne achungulie dirishani.

Si kila mtu alifurahi. Walimu wengine walisema darasa la tatu limegeuka chekechea. Mwalimu mkuu alikuja mara moja, akatazama njiti zilizotapakaa sakafuni, akasema, "Mwalimu, hii ni hesabu ama ni ufagio?" Mwalimu Mutheu alimwomba ampe mpaka mtihani wa muhula. Mzee akakubali, lakini akasema wazi: wakianguka, njiti zitoke na fimbo irudi. Tulimsikia sote.

Nisiwaweke roho juu: hatukuanguka. Mimi nilipata hamsini na nane, alama ambayo leo mwanangu angeificha mvunguni, na mama alinipikia wali wa nazi kwa ajili yake. Lakini kabla ya mtihani ilikuwapo siku nyingine, na hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi.

Tulipofika kuzidisha kwa nne, darasa lilikwama. Njiti zilikuwa nyingi mno, ziligaagaa kila mahali, na kamba ya Saumu ilikuwa ya kumi kumi. Mwalimu alikuja tena nyumbani, akamwomba mama aje shuleni.

"Kumefanywa nini?" mama aliuliza kwa hofu. "Siti amekosa?"

"Hajakosa, mama. Nataka wewe uwafundishe watoto mara nne."

Mama alicheka, halafu akaona mwalimu hacheki. "Mimi? Mwalimu, mimi hata kalamu sijui kuishika. Skuli yenyewe naiona kwa nje. Sijui hesabu mimi."

"Mama Siti, mkeka huu una miyaa mingapi?"

Mama alitaja idadi bila ya kuutazama.

"Na ukitaka uwe mpana mara mbili?"

Alitaja tena. Kisha akautazama mkeka wake kana kwamba umemsaliti.

Alikuja siku ya pili yake, amevaa buibui lake la harusini na kubeba kikapu cha miyaa ya rangi. Alisimama mlangoni hataki kuingia mpaka mwalimu alipomshika mkono. Kwanza sauti yake haikutoka. Aliketi sakafuni, kwa kuwa huko ndiko alikozoea kufanya kazi, nasi tukateremka kutoka madawatini tukamzunguka. Alipoanza kusuka, sauti ikaja yenyewe.

"Hii nyekundu ni bibi harusi. Hupita mbele, kisha nyeupe tatu humfuata. Wangapi hao?"

"Wanne!"

"Anarudi tena bibi harusi na watatu wake. Sasa wangapi?"

"Wanane!"

Alimpa kila mtoto miyaa yake. Saumu alipewa ile iliyokunjwa pembeni, ili vidole vimwambie bibi harusi yuko wapi. Hilo mama alilifanya mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Alimtazama tu mtoto mara moja akajua. Aliyeharibu aliambiwa, "Fumua, mwanangu, miyaa haikasiriki." Tulikwenda mpaka arubaini, Juma akitukimbiza kwa mdomo, mtoto mmoja akiandika majibu ubaoni, na moshi wa korosho ukiingia dirishani bila ya mtu kuusikia. Sijui ni wakati gani mwalimu mkuu alikuja kusimama mlangoni. Nilimwona tu, mikono nyuma, midomo yake ikihesabu pamoja nasi.

Kengele ilipolia, Mwalimu Mutheu, aliyekuwa ameketi sakafuni nyuma ya Juma na ukili wake, utepe wa miyaa uliopinda vibaya kuliko wa sote, alitupa ishara. Tukasimama darasa zima.

"Ahsante sana, mwalimu!"

Mama aligeuka upesi kuona ni mwalimu gani aliyeingia. Mlangoni hakukuwa na mtu. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakwenda zake. Akaturudishia macho, akatukuta tunamtazama yeye. Alishika ncha ya buibui lake, akaificha midomo yake kwa nguo, na kwa sauti ndogo sana akasema, "Ahsanteni, wanangu."

Tuliondoka pamoja, Mwinyi akitangulia na kikapu kichwani. Tukapita mikorosho, mama akinifuata. Kisha akasimama.

"Siti. Ile nne aliyoiandika mwenzako ubaoni, mguu wake huanzia juu au chini?"

Nilimwonyesha kwa kidole mchangani. Alikusanya buibui, akachutama katikati ya njia, mtu mzima na heshima zake, akaandika nne. Ilikuwa imelala upande. Akaifuta kwa kiganja, akaandika nyingine, na nyingine, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Watu wawili waliokuwa wakipita walitusalimu. Aliwaitikia bila ya kuinua kichwa.

"Hiyo sawa, mama," nilimwambia. "Sasa andika tano."